Komwe Kumi na Mbili za Nesi Mwanaidi

Nakumbuka mchana mmoja wa Ramadhani, mwanangu, mvua ya masika ikipiga makuti, na nyumba nzima imekaa kimya ikingoja bibi mmoja apate haja ndogo. Usicheke. Nimengoja mambo mengi duniani. Nimengoja harusi, nimengoja watoto wazaliwe, nimengoja na bendera ipandishwe. Lakini sijapata kungoja kitu kwa moyo ulioshikika kama siku ile.

Umeniambia kwamba umemaliza masomo yako ya uuguzi, na umepangiwa zahanati ya mbali ambako daktari hufika kwa zamu. Siku nyingine zote mwenye kupima, kuamua na kutibu utakuwa wewe. Ukaniuliza, "Bibi, nitaweza?" Sikukujibu palepale. Unanijua, maneno yangu huja polepole, na kalamu yangu huja polepole zaidi. Basi jibu lako ni hili, lisome kwa utulivu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa, hata mwaka haujaisha. Nimezaliwa Ngamiani, mjini Tanga, nikaolewa ng'ambo ya mto Pangani, kijiji cha upande wa kusini, ambako ukitaka kwenda mjini lazima uvuke kwa kivuko. Mume wangu alifanya kazi shamba la mkonge, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani nilibaki na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, Bi Mwanaharusi. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuja kwa amri. Nami nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikisemeshwa mbele za watu, sauti yangu ilishuka ikawa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Mke wa mwana siku zile hakumtazama mavyaa wake usoni. Akiambiwa pika, hupika. Akiambiwa nyamaza, huwa amenyamaza zamani. Tuliiita adabu, na mengi yake yalikuwa adabu kweli.

Zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja na baraza. Daktari alivuka kutoka mjini Alhamisi moja, akaruka moja. Katikati ya hizo Alhamisi alikuwapo Nesi Mwanaidi peke yake, binti wa Mabawa, umri wake haukupita miaka thelathini. Kutoka kwetu Ngamiani hadi kwao Mabawa ni mwendo wa miguu, kwa hiyo nilipomsikia akisema, nilisikia nyumbani. Labda ndiyo sababu nilimpenda kabla hajanifanyia lolote.

Ramadhani hiyo iliingia pamoja na masika. Mavyaa alinyeshewa akitoka shamba la mpunga, na siku ya pili yake akashikwa na kichomi. Homa ilimpanda, na kila akivuta pumzi alishika ubavu. Shemeji yangu Mbaruku, mwanawe mkubwa aliyekaa nyumba ya jirani, akasema tungoje daktari. Habari ikamfikia Nesi Mwanaidi, naye akaja mwenyewe kwa miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini.

Mbaruku alimpokea barazani. "Karibu, nesi. Lakini kazi ya nesi ni kutandika vitanda na kufunga vidonda. Huu ni ugonjwa wa daktari."

"Kweli kabisa, kaka yangu," akajibu huku akiosha miguu kwa maji ya mchirizi. "Na kitanda nitakitandika. Daktari anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Wewe kiulize kichomi kama kitamngoja."

Mbaruku akataka kukasirika, akacheka. Akampisha mlangoni.

Nilimtazama akifanya kazi. Alimwamkia mavyaa shikamoo kwanza, akaketi mkekani chini yake, akamuuliza habari za mpunga kabla ya habari za kifua. Kisha akamgeuza taratibu, akaweka sikio mgongoni juu ya kanga, akasikiliza muda mrefu. Akatoa vidonge vikubwa vyeupe, vikiitwa salfa. Akaniita mimi.

"Dawa hii ni nzuri, lakini ina kiu," akasema. "Bila maji mengi itamdhuru. Kwa siku bilauri kumi na mbili." Akatoa katika mfuko wake komwe kumi na mbili, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, akazitia ndani ya kibati cha biskuti. "Kila akimaliza bilauri moja, toa komwe moja uweke kwenye sahani. Nikija nitahesabu sahani." Akamgeukia mavyaa. "Mama, mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana. Siku hizi utazilipa ukipona."

Mavyaa akafumba macho. Nesi akadhani amekubali. Mimi nilijua hajakubali, maana nilikuwa naishi na macho yale. Nikanyamaza.

Nesi hajafika hata kwenye minazi ya jirani, mavyaa akaniita.

"Tangu nivunje ungo sijala mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru wetu wanawake. Sitaanza leo kwa sababu ya kidonge."

"Lakini nesi amesema..."

"Nesi ndiye aliyekuoa?"

Nikainama.

"Vidonge nitameza vyote, nusu baada ya futari, nusu wakati wa daku. Na hizo mbegu zake zihamishe, apate raha yake mtoto wa watu, asije akanisumbua."

Nikazihamisha. Wazee wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, mwanangu, na aliyekuwa karibu kuvunjika ni mkuu mwenyewe. Tena sikuzihamisha kwa mkupuo. Nilizitoa moja moja, kwa nafasi, kama mtu anayekunywa kweli. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba uongo wangu niliufanya kwa unadhifu. Nje maji yalimwagika juu ya makuti mchana kutwa, mitungi imejaa, mapipa yamefurika, na ndani mgonjwa midomo imepasuka kwa ukavu.

Nesi alipita siku ya pili na ya tatu, alasiri, akitoka kwenye shughuli zake. Akatazama sahani, akanishika bega. "Mwanamke hodari wewe." Nami nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli. Sikuwa nimezoea kusifiwa.

Siku ya nne akaja adhuhuri, bila kutazamiwa. Alikuwa amezalisha nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaona apite. Alimkuta mavyaa amejikunja, akilalamika kiuno na si kifua tena.

"Haja ndogo amepata lini?" akaniuliza.

"Jana. Kidogo."

Akataka kuona chombo. Nilikuwa sijakimwaga. Kilikuwa na kitu kidogo, cheusi kama maji ya ukwaju. Nesi akakitazama, akatazama sahani yenye komwe saba, akatazama tena chombo. Kisha akachukua bilauri iliyokuwa kando ya kitanda, akaingiza kidole ndani yake, akakitoa. Kilikuwa kikavu, kina vumbi.

"Hizi bilauri saba kazinywa nani?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelia, na kulia kungenisaidia kujificha. Aliningoja tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, lakini ipo siku ulimi lazima utembee hata kama utajikwaa. Nikasema kwa ile sauti yangu ya mtungini, "Hajanywa. Amefunga. Komwe nimezihamisha mimi."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa mwiba. Kisha akaketi mkekani.

"Mama," akamwambia mavyaa, "umeona chumvi inavyochemshwa pwani? Maji yakikauka, chenga hubaki chunguni. Vidonge hivi bila maji hufanya hivyo hivyo ndani ya figo. Maumivu ya kiuno ndiyo hayo."

"Niache nife na funga yangu," mavyaa akasema.

"Siku za funga zina kulipwa, mama. Figo haina kulipwa."

"Kwenu Mabawa hamfungi?"

"Twafunga. Na leo nimefunga, tangu alfajiri sijaonja kitu, na nimezalisha. Mimi ni mzima, wajibu wangu kufunga. Wewe ni mgonjwa, umepewa ruhusa na huyohuyo aliyeifaradhisha funga. Mwenye nyumba akikupa zawadi ukaisukuma, je, umemheshimu?"

Mavyaa akaigusa midomo yake iliyopasuka. Mwisho akauliza, "Ukiniua kwa maji utanijibia mbele ya Mungu?"

"Nitajibu."

"Lete basi."

Mbaruku alikuwa amefika mlangoni, kanzu imelowa. Akataka kwenda kuita watu wabebe kitanda hadi kivukoni. Nesi akamzuia. Alikuwa ameshika mkono wa mavyaa, akihesabu mapigo, na nilimwona anawaza, maana midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

"Mto umejaa," akasema, "na kumtikisa njiani kwenye mvua kutamrudishia kichomi. Nampa hadi adhana ya alasiri. Maji yakipita, tunabaki hapa. Yasipopita, mnabeba kitanda, nami navuka naye. Vidonge nimeviondoa. Kifua nitakitibu kwa sindano."

"Sindano si mpaka aamue daktari?" Mbaruku akauliza. Kijijini kila mtu alijua utaratibu wa zahanati yetu.

"Ndiyo. Leo naamua mimi, na kitabuni nitaandika kwa jina langu."

"Akikukasirikia?"

"Atanikasirikia mama yako akiwa hai."

Akamchoma sindano, ndipo tukaanza kungoja. Mimi nikamimina, yeye akamnywesha, bilauri baada ya bilauri, nyingine ameikorogea unga wa soda kutoka kwenye mkoba wake, wa kuyeyusha zile chenga. Midomo ya nesi ilikuwa mikavu kuliko ya mgonjwa. Alikuwa akinywesha maji mbele ya kiu yake mwenyewe saa nzima na zaidi, na hakulamba hata ncha ya kidole. Zile komwe saba alikuwa amezirudisha kibatini, na kila bilauri ikiisha, alinipa komwe mkononi, mimi ndiye niiweke sahanini. Hakusema kwa nini. Nilijua.

Mbaruku alikaa barazani, akiuliza kila baada ya dakika chache, "Bado?"

"Bado," nikamjibu kutoka ndani.

"Bado?"

Mavyaa akainua kichwa. "Mbaruku, hata wewe hukungojewa hivi, nawe ulikuwa mtoto wa kwanza."

Nesi akacheka hadi akashika ubavu. Nami nilicheka, huku moyo wangu ukisema, kama maji haya hayatatoka, mimi ndiye niliyemuua mama wa mume wangu. Nilimtazama mavyaa usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, na alikuwa anaogopa.

Komwe ya sita. Ya saba. Ya nane. Mavyaa akashika tumbo la chini, akaomba chombo. Nesi akatandaza kanga, tukamnyanyua sote wawili. Kwa kelele za mvua tulidhani tumesikia vibaya. Kisha tukasikia sawasawa.

Nesi akachukua chombo, akakitoa barazani kwenye mwanga, Mbaruku akainama naye kutazama. Rangi bado ilikuwa nzito, lakini yalikuwa mengi. "Alhamdulillahi," akasema nesi, akaketi kwenye kizingiti palepale penye tope. Adhana ya alasiri ikamkuta hapo.

Kabla hajaondoka alinifuata jikoni. Nilijua nimestahili matusi, nikajiandaa. Yeye akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake, akanitazama.

"Umekosa," akasema. "Ungenificha siku moja zaidi, ningekuja kumwosha maiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha ya mwenzio." Akafuta tope mguuni. "Na mimi nimekosa. Nilikupa mzigo wa kumwamuru mtu ambaye huwezi hata kumtazama usoni. Nilitibu kifua, sikuitazama nyumba. Mimi mwenyewe nimefunga, najua Ramadhani ilivyo kwa wazee wetu, lakini nikaona mtu amefumba macho nikasema amekubali. Ningemnywesha bilauri ya kwanza kwa mkono wangu, siku ya kwanza, ningeujua ukweli."

Mwanangu, hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia amekosa kabla ya siku ile. Sikujua kama jambo hilo husemwa.

Daktari alipokuja Alhamisi yake, alikisoma kitabu, akauliza kuhusu ile sindano. Mbaruku alikuwapo, ndiye aliyetuhadithia. Nesi alijibu, "Ningekungoja, ungesoma habari ya kifo." Daktari akamtazama, akasoma tena, akaweka sahihi yake chini ya ya nesi. Baadaye mimi nilipata kukiona kitabu kile. Ilikuwa imeandikwa kwamba mgonjwa hakunywa maji ya kutosha kwa kuwa muuguzi hakueleza vizuri. Jina langu halikuwamo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nayo ya mgonjwa na watu wake ilikaa kwa nesi, ikaishia hapo.

Mavyaa alipona. Baada ya mvua alizilipa siku zake, nami nikafunga pamoja naye, na tangu hapo tulifuturu sahani moja. Siku moja aliniambia, "Nenda zahanati ukamsaidie yule mtoto. Mkono wako mwepesi. Ulimi ndio mzito, na huko atakufundisha." Mbaruku naye alibadilika kwa namna yake. Hakuomba radhi, ila kila mwangusho wa nazi alipeleka kikapu zahanati na kusema, "Za mtandika vitanda."

Miaka miwili nilikwenda na Nesi Mwanaidi nyumba kwa nyumba. Nilichemsha sindano, nilibeba mkoba, nilijifunza kuuliza kwanza: katika nyumba hii nani husema, na nani husikiliza? Ile ndiyo miaka ya ujana wangu. Mtu akisema neno ujana, wengine hukumbuka ngoma. Mimi huona tope, na miguu miwili mbele yangu ikikanyaga bila kuogopa.

Kisha akahamishwa bara. Nilimsindikiza hadi kivukoni. Nilikuwa nimetayarisha neno, nimelirudia njia nzima. Nilitaka kumwambia, ulinipa sauti. Akanikabidhi kile kibati cha biskuti chenye komwe zake, akanishika bega kama alivyonishika siku ile nilipokuwa muongo. Neno likanikwama. Nikamwambia, "Safari njema, nesi." Kivuko kikaondoka.

Aliniletea barua moja. Nilianza kumjibu, nikaona mwandiko wangu mbaya, nikachana. Nikaanza tena. Miezi ikapita. Nilipoituma mwishowe, ilirudi, mwenyewe amekwisha hamishwa na hapo pia. Ninayo hadi leo, haijafunguliwa. Mvua ikipiga usiku au mchana, hata sasa kwenye bati, mimi humkumbuka. Siku nyingine namimina bilauri ya maji, naiweka tu mezani.

Basi nasaha yangu ni hii. Umeniuliza kama utaweza kazi ya daktari. Hujaitiwa hiyo. Umeitiwa yako, nayo ni kukaa katikati ya dawa na nyumba, na katikati hapo ndipo watu wengi hufia. Dawa usiiache katika mkono usio na sauti. Muulize mgonjwa anaamini nini, anafunga lini, anamwogopa nani. Usihesabu komwe za sahanini, itie kidole bilauri. Pakitakiwa kuamua, amua, uandike kwa jina lako. Pakikuzidi, beba kitanda uvuke mapema, si aibu. Siri za nyumba za watu zife kwako. Na anayekushukuru polepole usidhani hana shukrani. Huenda analirudia neno njia nzima.

Kibati nimekufungia kwenye kanga. Komwe zimebaki kumi na moja. Moja mama yako aliipoteza alipokuwa mtoto, nikamchapa, nikajuta. Ya kumi na mbili itafute wewe huko uendako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio refu. Akulinde na mito iliyojaa. Akukutanishe, nami sijakata tamaa, na mtu yeyote aliyewahi kumjua binti mmoja wa Mabawa, umsalimie kwa ajili yangu. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akujaalie ujasiri wa kuvuta mbuzi ya nazi jikoni mwa watu, uketi chini kuliko yule uliyemkosea, useme, "Na mimi nimekosa." Amina.